Namna ya kuhesabu gharama ndani ya utafiti wa dawa za saratani ya watoto, kwa sie tuliopo Unguja na Pemba

Assalaam aleikum ndugu zangu. Vijana wengi wanaotoka chuo wakapangiwa kwenye miradi ya utafiti, khasa manesi na watu wa data, wananiuliza jambo moja: wameambiwa kwenye utafiti huu mutafanya na tathmini ya kiuchumi, basi wanabaki wamekodoa macho hawajui waanzie wapi. Naandika hapa yale niliyojifunza kwa kuyafanya, na mengine niliyojifunza kwa kuyakosea, ili nyie musiyarudie.

Kwanza tuelewane jambo lenyewe. Utafiti wa majaribio ya tiba unachukua watoto wenye saratani ya aina moja, unawagawa kwa bahati nasibu, hawa wanapewa tiba ya kawaida na hawa wanapewa tiba ya kawaida na kitu kipya juu yake, alafu unaangalia kundi gani limepona zaidi. Tathmini ya kiuchumi inauliza swali la pili, yani hicho kipya kimeongeza gharama kiasi gani na kwa gharama hiyo tumepata miaka mingapi ya uhai na uzima. Mfano mzuri ni utafiti wa dawa ya rituksimabu kwa watoto wenye limfoma kali za seli B, yani saratani za seli nyeupe za damu zinazovimbisha tezi, Burkitt ikiwemo, matokeo yake yalitoka 2020: baada ya miaka 3 katika waliopewa rituksimabu juu ya kemo, yani dawa kali za kuua seli za saratani, asilimia 93.9 walikuwa hai na ugonjwa haujarudi, na wasiopewa asilimia 82.3. Matokeo mazuri mashallah, lakini ukiyapeleka Wizarani swali la mwanzo utakaloulizwa ni dawa hiyo bei gani na tutapata wapi pesa, na kama huna jibu karatasi yako inaingia kwenye droo.

Tena ujue hali yetu ilivyo. Nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani wanapona, nchi kama zetu nyingi hawafiki 30, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 likaweka lengo la angalau asilimia 60 ifikapo 2030. Pengo lile halitokani na kukosa dawa mpya tu. Mtoto anachelewa kujulikana ugonjwa, au anaanza tiba alafu anaikatisha njiani, au anapata maambukizi wakati damu imeshuka na hakuna wa kumuwahi. Mambo haya matatu yana gharama zake, na kama dodoso lako haliyaoni basi hesabu yako yote itakuwa ya nchi nyengine.

Unahesabu mfuko wa nani?

Hili uliamue kabla ya kuandika swali hata moja. Kuna mfuko wa Wizara na hospitali, kuna mfuko wa wahisani, na kuna mfuko wa mzazi. Wengi wanahesabu mfuko wa hospitali peke yake kwa sababu ndo rahisi, vitabu vipo, famasi ipo, unakaa ofisini unamaliza. Mimi nasema kwa sie wa visiwani usikubali kuishia hapo, hesabu mifuko yote, na sababu ni jiografia yetu wenyewe.

Watoto wetu wengi huishia Muhimbili maana wodi kubwa ya saratani ya watoto ipo kule, na mionzi ni Ocean Road. Pale Muhimbili mzazi hatozwi pesa ya kemo, gharama inabebwa na serikali pamoja na wasaidizi kama taasisi ya Tumaini la Maisha, na Allah awalipe kheri. Lakini mtu akisikia "bure" anadhani familia haitoi kitu. Mama anatoka Micheweni na mtoto anaumwa, gari mpaka Chake, gari mpaka Mkoani, boti mpaka Unguja, analala kwa mama mdogo wake Ng'ambo, asubuhi boti tena mpaka Dar, bajaji mpaka Upanga. Lukemia ya watoto, yani saratani ya damu, tiba yake inachukua miaka miwili hadi mitatu. Sasa mhesabie safari hizo, mhesabie na chakula, simu, na watoto wengine aliowaacha kwa bibi yao. Nimeshawahi kukaa na mama mmoja akanitajia kimoja kimoja, mbuzi wawili, mkufu, alafu mikarafuu ya baba yake ikawekwa rehani, na kwenye karatasi ya mradi mtoto yule alikuwa ameandikwa gharama ya mzazi ni sifuri. Siku ile ndo nikajua tunaandika uongo bila kukusudia.

Kwaiyo kwenye protokoli, yani andiko la mpango wa utafiti, andika wazi kwamba mtazamo ni wa jamii nzima, alafu matokeo yatoe mara mbili, mara ya kwanza kwa mfuko wa serikali peke yake na mara ya pili na familia ndani. Waamuzi watataka ile ya kwanza, wewe uwaoneshe na ya pili.

Anza siku mtoto anaposajiliwa

Kosa kubwa nililoliona, na nilishiriki mwenyewe kwenye mradi mmoja, ni kungoja utafiti uishe ndo mutafute gharama. Tuliwapigia wazazi simu baada ya mwaka na nusu tukawauliza mulitumia shilingi ngapi kwa nauli. Nani anakumbuka? Wengine walitaja namba yoyote ili simu ikatwe, na wengine watoto wao walikuwa wameshatangulia mbele ya haki na sie tunawauliza habari za nauli. Wallahi sitaki tena kulifanya jambo lile.

Maswali ya gharama yaingie kwenye fomu ya siku ya kwanza na yaendelee kila mtoto anapokuja. Vitu vidogo kama nauli na chakula uliza vya wiki mbili zilizopita, vitu vikubwa kama kulazwa au kuuza mali unaweza kurudi nyuma miezi mitatu. Mpe mzazi daftari dogo lenye picha, picha ya boti, ya gari, ya sahani, ya dawa, ya simu, aandike namba tu pembeni, na asiyeandika mwanawe wa skuli atamwandikia.

Na masuala ya kazi iliyopotea yana elimu yake. Dodoso nyingi zinakuja na swali "umekosa siku ngapi za kazi mwezi huu". Muulize hivo mama anayelima mwani Paje au Makangale uone atakavyokutazama. Kazi ya mwani inafuata bamvua, maji yakikupwa sana ndo wanashuka, na bamvua ni mara mbili kwa mwezi, kwaiyo akikosa siku tano ambazo zimeangukia bamvua amekosa karibu nusu ya kipato cha mwezi, na akikosa siku tano za maji mafu pengine hajakosa kitu. Muulize "umekosa bamvua ngapi". Baba mvuvi muulize kakosa kwenda dago, yani kambi ya uvuvi, mara ngapi. Msimu wa karafuu nao ni hivo hivo, mtu anaekosa wiki tatu wakati watu wapo juu ya mikarafuu kapoteza pesa ya mwaka. Weka tarehe kwenye kila jibu ili baadae uweze kulinganisha na msimu. Na mama wa nyumbani usimuandike sifuri, kazi yake ipige kwa ujira wa kibarua wa eneo lile na useme wazi kwamba umefanya hivo.

Ukitaka kwenda kuwahoji majumbani, kibali cha utafiti cha Bara hakitoshi, upande wetu unapita kamati ya maadili ya utafiti wa afya Zanzibar, ZAHREC, na ukifika kwenye shehia unaanza kwa sheha. Usiruke.

Idadi mbali, bei mbali

Hii ndo sheria ya ufundi ambayo ukiishika hutapotea. Usiandike "mtoto huyu katumia laki tatu". Andika katumia chupa mbili za dawa fulani, siku sita za kitanda, kuongezewa damu mara mbili, vipimo vya damu vinne. Bei ziweke kwenye jaduweli lake peke yake, na kila bei iwe na tarehe na umeitoa wapi. Sababu ni kwamba saratani za watoto ni chache, kwaiyo majaribio yake mara nyingi yanaunganisha hospitali za nchi nyingi, na huwezi kuchukua gharama za Uingereza ukazibadilisha kwa shilingi ukasema hizi ndo zetu, kule mshahara wa nesi mwengine na bei ya kitanda nyengine. Idadi ya vitu inaweza kusafiri, ingawa hiyo nayo uichunguze, ila bei haisafiri.

Bei za dawa anza na orodha ya Bohari ya Dawa. Kitanda: chukua matumizi yote ya wodi kwa mwaka, mishahara, umeme, chakula, usafi, gawa kwa jumla ya siku za vitanda vilivyolaliwa. Dawa ya msaada nayo ina bei, iandike kwa bei ya soko, maana mhisani akiondoka kesho mtu mwengine atainunua.

Alafu hesabu kwa chupa iliyofunguliwa, usihesabu kwa miligramu alizopewa mtoto. Watoto ni wadogo, dozi zao zinapigwa kwa ukubwa wa mwili, unafungua chupa kubwa anapata robo na robo tatu inamwagwa. Hospitali inayowapangia watoto watatu siku moja wakagawana chupa gharama yake inashuka sana, na hili ukiligundua katika utafiti wako liandike kwa herufi kubwa maana ni pesa ya bure. Dawa kongwe kama vinkristini, ambayo asili yake ni lile ua la pinki la Bukini (Madagaska) linaloota mpaka mbele za nyumba zetu, haisumbui mfuko, sumbuo lipo kwenye dawa mpya, damu, antibayotiki kali na siku za kulazwa.

Kitu kimoja watu wanakisahau: utafiti wenyewe unaleta gharama ambazo tiba ya kawaida haina. Protokoli inataka damu ipimwe kila wiki kwa ajili ya kumbukumbu, au mtoto aje Dar kupigwa picha ambayo daktari asingeiagiza. Hizo zitenge, weka alama pembeni, zisiingie kwenye gharama ya tiba. Na nauli aliyorudishiwa mzazi na mradi usiifanye kama vile hakuitumia, kama safari ile ni ya matibabu basi ni gharama, kalipa nani ni swali jengine.

Kupima uzima wa mtoto

Kupona si kuishi tu. Dawa ya sisplatini inaua masikio, doksorubisini inaweza kugusa moyo miaka mingi baadae. Kuna utafiti wa watoto wenye saratani ya ini, matokeo yake 2018, waliopewa sisplatini peke yake asilimia 63 walipata upungufu wa kusikia, waliopewa na sodiamu thaiosalfeti baadae ya sisplatini ikawa asilimia 33. Utafiti kama huo ukihesabu vifo tu utasema dawa ya pili haina faida, na wakati mtoto anaekwenda madrasa na skuli akasikia mwalimu ni mtoto mwengine kabisa na maisha mengine.

Kipimo kinachotumika sana ni dodoso la EQ-5D-Y, mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Mtoto wa miaka 8 na kuendelea anajibu mwenyewe, wa 4 hadi 7 anajibiwa na mzazi. Sasa hapa kwetu kuna mtihani. Ukimuuliza mzazi wa Kipemba mtoto ana maumivu atakwambia hajambo alhamdulillahi, na ndo adabu, hata mtoto hajalala usiku kucha. Maneno ya dodoso huruhusiwi kuyabadilisha, kwaiyo ninachofanya mimi ni kuzungumza kwanza nje ya fomu, nampigia hodi vizuri, namuuliza hali za nyumbani, jana mtoto kacheza na nani, kala nini, kaamka mara ngapi usiku, akishaingia kwenye habari yenyewe ndo nafungua dodoso nalisoma kama lilivyo. Majibu yanakuwa ya kweli zaidi. Na mtoto mkubwa usimuhoji mbele ya baba yake kama unaweza kuepuka, anajikaza.

Angalia na siku unayouliza. EQ-5D-Y inauliza habari za leo. Ukiwa unauliza siku ya kliniki tu kabla ya sindano, unamkamata mtoto akiwa kwenye hali yake nzuri kila mara, na zile siku za katikati, wiki ya kwanza na ya pili baada ya kemo damu inaposhuka, huzioni kabisa. Panga baadhi ya mahojiano kwa simu siku hizo.

Mwisho wa kupima unageuza majibu kuwa QALY, yani miaka ya uhai ikipimwa pamoja na ubora wa uzima, au DALY, yani miaka ya uzima iliyopotea kwa ugonjwa au kifo. Nchi zetu nyingi wanatumia DALY, wewe fuata kile ambacho Wizara inakielewa na unachoweza kukitetea.

Hesabu yenyewe

Nambari hizi ni za mfano tu, nimezitunga ili uone njia. Tiba ya zamani ni milioni 6 kwa mtoto, mpya milioni 9. Katika watoto 100, ya zamani wanapona 45, mpya 55. Gharama ya ziada ni milioni 300 kwa watoto 100, tumepata watoto 10 zaidi, yani milioni 30 kwa kila mtoto aliyeokoka.

Sasa mtoto wa miaka 6 akipona tuseme ataishi miaka 60 mengine. Wachumi hawahesabu 60 kamili, wanapunguza thamani ya miaka ya mbele, kawaida kwa asilimia 3 kila mwaka, na miaka 60 ikipunguzwa hivo inabaki kama 27.7. Gawa milioni 30 kwa 27.7, unapata kama milioni 1 na elfu 83 kwa mwaka mmoja wa uhai. Watoto ndo wanaumizwa zaidi na hesabu hii ya kupunguza kwa sababu faida yao ipo mbali, kwaiyo toa na majibu bila kupunguza ili msomaji aone mwenyewe tofauti. Na ile 60 usiichukue kwa wote, waliopona saratani wengine wanapata madhara ya baadae, punguza kwa ushahidi uliopo. Utafiti utawafuata watoto miaka mitatu au mitano tu, kinachobaki unakijenga kwa modeli, yani hesabu ya kukisia miaka ya mbele, na kila ulichokikisia useme.

Alafu linganisha na kitu chengine ambacho hakuna kampuni itakayokuletea. Chukua tena watoto 100, tuseme 20 wanakatisha tiba na wanaokatisha hawaponi, wanaomaliza wanapona asilimia 60. Yani 80 wanamaliza, 48 wanapona. Ukiwapa familia zote laki 5 za nauli na malazi, wanaokatisha wakawa 10, watapona 54. Umetumia milioni 50 za nauli, na wale 10 ambao sasa hawakukatisha wamekula tiba zaidi tuseme ya milioni 4 kila mmoja, jumla milioni 90 kwa watoto 6, milioni 15 kwa mtoto. Nusu ya gharama ya ile dawa mpya. Mimi kila nikikaa na wanaopanga utafiti nawaomba nauli ya boti iingizwe kama kundi moja la utafiti, ipimwe kama dawa inavyopimwa.

Kwenye takwimu yapo mambo machache ya kushika. Tumia wastani, usitumie namba ya kati, yani ile inayokaa katikati ukizipanga kuanzia ndogo mpaka kubwa. Watoto tisa wametumia milioni 4 kila mmoja, wa kumi kapata maambukizi kalazwa chumba cha uangalizi katumia milioni 40. Namba ya kati ni 4, wastani ni 7.6, na Wizara italipa milioni 76 kwa hao kumi, haitolipa 40. Fomu zilizokosa majibu usizitupe, maana wanaokosekana mara nyingi ndo waliokatisha tiba au waliopo mbali, ukiwatupa umebakisha watu wa mjini. Zijaze kwa njia za kitakwimu zinazokubalika na ueleze. Kwa vile sampuli za watoto ni ndogo, rudia hesabu mara elfu kwa njia ya butstrapu, yani kuchota upya kwa bahati nasibu kutoka kwenye data yako hiyo hiyo, uoneshe jibu linavyoyumba, usitoe namba moja kavu kama vile umeipokea mbinguni.

Kile kipimo cha zamani cha kusema tiba inafaa ikiwa gharama yake haizidi mara moja au tatu ya pato la mtu mmoja la taifa, usikitegemee peke yake, hata watu wa Shirika la Afya Duniani wenyewe walishaandika 2016 kwamba kisitumike hivo. Onesha na bajeti: watoto wangapi kwa mwaka, jumla ngapi. Na kwa upande wa familia onesha wangapi wametumia zaidi ya asilimia 10 na zaidi ya 25 ya matumizi ya nyumba yao kwa ajili ya ugonjwa.

Unapoandika ripoti fuata orodha ya CHEERS ya 2022, orodha ya mambo ya kuripoti kwenye tathmini ya kiuchumi ya afya, ina vipengele 28, pitia kimoja kimoja kabla hujatuma. Jaduweli lako la bei likiwa safi lina tarehe, liachie hospitali na Wizara nakala, mtu wa mradi unaofuata asianze upya kuzunguka mafamasi. Na angalia kalenda, mwaka wa fedha unaanza Julai, bajeti zinapikwa miezi kadhaa kabla, kwaiyo kama una matokeo ya awali mwezi wa kwanza au wa pili yapeleke kurasa mbili kwa Kiswahili wakati huo huo, karatasi ya jarida itakuja baadae kwa muda wake.